Sifa za Jumamosi

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mama yake aliisema methali hiyo kila alipoletewa ripoti ya shule. Aliisoma mwenyewe, akaikunja, akaifungia kabatini, na mtoto asijue kama amekuwa wa kwanza au wa thelathini mpaka majirani waje kumwambia. Ndivyo alivyolelewa: sifa za mtu husomwa na wengine, mwenyewe hazimhusu. Akakua na adabu hiyo, akasafiri nayo mpaka ugenini, na jamani, adabu hiyo hiyo ndiyo iliyokuja kummaliza.

Kazini walimwita Nta, kwa sababu nta haikumtoka kwenye kucha hata asugue vipi. Ilikuwa karakana ya meno ya bandia, ghorofa ya pili juu ya duka la kufulia nguo, vyumba viwili na kikorido. Madaktari wa mitaa ya karibu walileta kalibu za vinywa vya wagonjwa wao, na kule juu zikageuzwa meno: kwanza plasta, kisha nta, kisha plastiki ya rangi ya ufizi, kisha msasa na kung'arisha mpaka kitu kikawa tayari kutafuna mkate. Rafu zilijaa vinywa vya watu, vya juu na vya chini, kila kimoja na jina lake kwa penseli, vyote vimekenua. Mgeni akiingia mara ya kwanza mwili ulimsisimka. Nta alivizoea kiasi cha kuvisalimia kila akifika: "Hamjambo wakenuaji?"

Walikuwa watatu tu. Mwenye karakana aliitwa Mzee, na ni mzee kweli, miaka sabini na mmoja, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa ambayo hukutegemea iweze kushika kitu kidogo kama jino. Akivunja kazi ya mtu, hata ufa usioonekana, alimpigia daktari simu mwenyewe kukiri. Karani alikuwa mama wa makamo, mdomo haulali, anapokea simu, anaandika mishahara, anachemsha chai, na kila habari ya jengo zima anayo. Na Nta mwenyewe, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho katika chuo cha ufundi wa meno, mwenye miaka thelathini na mbili, aliyeanza kusoma wakati wenzake wanamaliza.

Viza yake ya mwanafunzi ilimruhusu kufanya kazi saa ishirini kwa wiki, hata dakika moja zaidi hapana. Nta alizilinda saa hizo kama mtu anayelinda maziwa jikoni yasifurike. Saa zake za siku zikitimia, hata kama limebaki jino moja tu la kupachika, aliweka kisu chini, akavua aproni, akaondoka. Karani alimtania: "Shoga, hata ukiwa unapiga chafya, saa ikigonga unaimeza!" Nta akacheka, akaondoka vilevile.

Jumamosi ilikuwa kitu kingine. Jumamosi karakana ilifungwa, simu hazikulia, na Mzee alikuja peke yake kufanya ile kazi aliyoipenda kuliko zote, kutia meno rangi. "Chuoni wanawafundisha meno meupe," alimwambia Nta mwanzoni kabisa. "Meno ya watu si meupe, binti. Njoo Jumamosi nikuonyeshe." Akaja. Akaonyeshwa jino la mvuta sigara na jino la mnywa chai, jino la mtu anayesaga meno akilala, na namna ya kumchorea bibi wa miaka themanini kaufa kadogo kwenye jino la mbele, ili shoga zake waamini kwamba ni meno yake aliyoota mwenyewe. Mwanzo alisafisha brashi tu na kutazama. Baadaye alishika brashi. Mwishowe Mzee alikuwa anakaa pembeni na kikombe chake, macho yamemchoka, na Nta anachora. Hakuna aliyelipa, hakuna aliyelipwa, hakuna aliyeandika popote. Kwa Nta yale yalikuwa masomo, tena masomo matamu kuliko yote aliyowahi kusoma. Hakuwahi kuyaita kazi hata mara moja.

Masomo ya chuo yakaisha. Viza ilikuwa imebakiza miezi mitano. Ili abaki ilimlazimu kuhama kutoka viza ya mwanafunzi kwenda viza ya kazi, na viza ya kazi haipatikani bila mwajiri wa kukudhamini, asimame mbele ya serikali aseme: huyu namtaka, na ninamtaka yeye si mwingine, kwa sababu hizi na hizi. Asipopata, anarudi kwao. Na kwao, msinichekee, meno yaling'olewa tu. Habari za kuyatengeneza mengine zilikuwa hadithi. Kulikuwa na duka la kaka yake la fotokopi, ambako Nta alisimama miaka sita akigeuza vitambulisho vya watu, mbele, nyuma, mbele, nyuma. Kaka alikwishamwambia kwenye simu, kwa nia njema tu, kwamba nafasi yake ipo. Nta alikata simu akakaa kitandani nusu saa nzima, hajavua hata viatu.

Mzee ndiye aliyesema, "Nitakudhamini mimi." Mtu ambaye hakuwahi kujaza hata fomu ya kuazima kitabu! Miezi minne alihangaika na makaratasi ya kupata ruhusa ya kuwa mdhamini, wakaguzi wakaja, wakahesabu viti, wakapima madirisha, wakaondoka. Alifanya hivyo kwa ajili ya Nta, lakini na yeye alikuwa na lake. Macho yalimwingia ukungu. Asubuhi mkono wa kulia ulimtetemeka mpaka apate chai ya pili. Mtoto hakuwa naye wa kurithi kazi ile. "Binti huyu akibaki," alimwambia Karani, "karakana itabaki. Akiondoka nafunga, funguo natupa." Kwa hiyo lilikuwa jambo la kufa na kupona, kwa wote wawili.

Kila kitu kikakamilika, ikabaki barua. Barua ya mdhamini, ya kueleza kwa nini mtu huyu. Mzee aliiandika kwa mkono siku tatu, akajifungia chumba cha ndani, akitoka midomo inamchezacheza kama mtu anayesoma dua. Siku ya tatu aliitia kwenye bahasha, akamkabidhi Karani, akaenda kunawa mikono.

Karani aliifungua, akaipiga skani kurasa zote mbili. Akanyamaza. Karani kunyamaza! Kisha akaita, "Nta! Shoga, njoo uisome kabla sijaituma. Mimi nimelia, na unajua mimi silii ovyo, niliachika bila chozi."

Nta alikuwa ameshika kisu cha nta. Akarudi nyuma hatua moja. "Siisomi."

"Husomi nini?"

"Sifa zangu. Kwetu mtu hasomi sifa zake."

"Kwenu, kwenu! Kwenu ndiko wanakotoa viza? Pita macho tu, mwenzangu. Macho hayali."

"Dada, Mzee kaifunga bahasha kwa mkono wake. Mimi niisome nitafute kama amenisifu vya kutosha? Nitamtazamaje usoni? Tuma tu."

"Basi angalau uangalie jina lako lisije likawa la mtu mwingine."

"Jina lisome wewe."

Karani akalisoma jina, likawa sawa herufi kwa herufi, akabonyeza. Lo, laiti angekuwepo mtu wa kumkamata Nta masikio akamwinamisha juu ya ile karatasi! Lakini hakuwepo. Alikuwepo Karani, anajifuta machozi kwa kona ya kitambaa cha mezani.

Jioni hiyo Nta alimpigia mama yake.

"Wameandika barua yako?" mama akauliza.

"Wameandika, mama."

"Wamekusifu?"

"Sijui. Sikuisoma."

"Vizuri, mwanangu," mama akasema, na sauti yake ilijaa furaha hasa. "Ndivyo nilivyokulea."

Walisubiri wiki tano. Kwa kuwa ombi lilitumwa kabla ya viza kuisha, Nta aliruhusiwa kuendelea na saa zake zilezile ishirini. Roho ilikuwa juu juu. Jumanne moja, saa nne asubuhi, anapanga meno ya chini ya dereva mmoja mstaafu, simu ikalia mlio wa barua pepe. Akafuta vidole kwenye aproni. Akasoma aya ya kwanza, ya salamu. Akasoma ya pili, ya vifungu. Ya tatu ilisema hivi:

"Mwajiri wako mwenyewe ameeleza, kwa mkono wake na kwa saini yake, kwamba kwa muda wa miezi kumi na minane umefanya kazi hapo kila Jumamosi, tangu asubuhi hadi alasiri, bila kudai malipo, juu ya saa zako za kila wiki. Kazi isiyolipwa nayo ni kazi. Umevunja masharti ya viza yako ya mwanafunzi. Ombi lako limekataliwa."

Alijua. Hilo ndilo lililomchoma: alikuwa anajua! Wiki ya kwanza kabisa chuoni, ofisa wa wanafunzi aliwakusanya ukumbini, watu mia mbili, akawaambia: hata ukimfagilia mtu duka bure, hiyo ni kazi, inahesabiwa. Nta aliandika kwenye daftari na kupiga mstari chini yake. Angeisoma barua ya Mzee, angeruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Angemwomba kwa adabu zote aufute mstari ule, na Mzee angeufuta, kwani ulikuwa na kazi gani pale? Dakika tano tu za kuwa hana adabu.

Karani alipoonyeshwa alishika mdomo kwa mikono miwili. "Mimi niliusoma!" akasema. "Niliusoma huo mstari. Ndio ulioniliza! Nikasema jamani, mtoto wa watu anafanya kazi bure kwa upendo. Sikuona. Haki ya Mungu, Nta, sikuona."

"Usimwambie Mzee."

"Nisimwambie?"

"Mwambie wamekataa. Basi."

Mzee alipoambiwa wamekataa aliweka brashi chini taratibu, akafikiri, akatikisa kichwa. "Sikukusifu vya kutosha," akasema. "Kosa langu. Mimi si mtu wa maneno."

Tangu saa ile Nta hakuruhusiwa kugusa kitu. Alikwenda karakana kwa sababu hakuwa na pengine pa kwenda, akakaa kwenye kiti cha wageni kando ya mlango, mikono mapajani. Aliogopa hata kuokota brashi iliyoanguka. Aliona Mzee anapachika jino la mbele limekaa upande, anaona kabisa limekaa upande, na hawezi kunyoosha mkono. Akageuza uso akatazama ukuta.

Wakili aliyetafutwa na Karani alikuwa kijana mwenye chumba kimoja, mafaili yamepanda mpaka dirishani. Alisoma barua zote mbili, ya Mzee na ya kukataliwa, akitafuna kalamu.

"Una siku kumi za kuomba waliangalie upya," akasema. "Na njia ni moja. Huyu mzee aandike kwamba alikosea. Hakukuwa na Jumamosi. Uzee, mapenzi, alitia chumvi kama watu wanavyotia chumvi kwenye barua za sifa."

"Lakini hakutia chumvi," Nta akasema.

"Dada yangu," wakili akasema, akafunga faili, "hilo mimi sikulisikia."

Nta alirudi na maneno hayo yamemkaa kifuani. Kumwambia Mzee barua yako ndiyo iliyoniponza, halafu kumwambia ikane kwa uongo: mdomo utafungukaje? Siku ya kwanza alijiambia kesho. Ya pili akamwambia Karani, Karani akasema, "Mwambie, mficha uchi hazai," na bado hakumwambia. Ya tatu alifika mpaka mlango wa chumba cha ndani, Mzee akainua kichwa, "Shida gani, binti?" Akajibu, "Hakuna, Mzee," akarudi kwenye kiti chake.

Siku ya nne Mzee aliwaita wote wawili. Alikuwa na karatasi nne mkononi na uso umemng'aa kama bwana harusi.

"Nimeandika nyingine," akasema. "Ile ilikuwa baridi. Sikilizeni. Nimeeleza Jumamosi zote, moja moja, nilizokumbuka. Nimeongeza zile Jumapili mbili za mwaka jana, kumbe nilizisahau kabisa! Na ile sikukuu uliyokuja na homa, nikakufukuza, ukakataa. Nimeandika: huyu mtu hajui saa. Sasa wakatae tena niwaone."

Karani alishika kichwa. Alijizuia, mwanamke wa watu, alijizuia mpaka mshipa ukamsimama shingoni, kisha ikamshinda. "Mzee, nyamaza! Hizo Jumamosi ndizo zilizomponza! Hiyo barua yako ndiyo iliyomkosesha viza!"

Chini, mashine za duka la kufulia nguo zilikuwa zinazunguka. Zilisikika vizuri sana.

"Barua yangu?" Mzee akauliza. Alimwuliza Nta, si Karani.

Ikabidi asomewe. Aya ya tatu alitaka asomewe mara mbili. Akakaa.

"Lakini ni kweli," akasema. "Kila neno ni kweli."

"Ndiyo, Mzee. Ndiyo maana."

"Na wewe hukuisoma kabla haijaenda?"

"Sikuisoma."

"Kwa nini?"

Nta akamweleza: ripoti za shule, kabati, mama yake. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akacheka kidogo, kicheko kikavu kisicho na furaha hata tone. "Adabu yako na ukweli wangu," akasema. "Tazama vilivyozaa."

Karani ndiye aliyemweleza habari ya wakili, maana Nta alikuwa analia. Alilia kwa hasira, hasira zenyewe hana wa kumpa. Mzee hakujibu ndiyo wala hapana. Alisema, "Nipeni mpaka kesho," akachukua koti lake akashuka ngazi, anashika ukuta.

Kesho yake alikuja na karatasi moja, haina bahasha. Akamwekea Nta mapajani.

"Safari hii utaisoma," akasema. "Kwa sauti."

Nta akasoma. "Mimi ni mzee na kumbukumbu zangu si za kutegemewa. Katika barua yangu ya awali nilitia chumvi. Mfanyakazi huyu hakuwahi kuja Jumamosi. Huja kwa saa zake, na saa zikiisha huondoka. Hakuna jambo la pekee analolifanya. Ni mfanyakazi wa kawaida..."

Hapo akaacha kusoma. Alijua ni uongo, alijua ni uongo wa kumwokoa, na bado ulimchoma pale pale ambapo tusi la kweli lingemchoma. Miaka yote hakuwahi kusoma mtu alivyomwandika. Sasa amesoma, na ndicho hiki.

"Endelea," Mzee akasema. Alikuwa anatazama dirishani.

"Ni mfanyakazi wa kawaida kama wafanyakazi wengine. Naomba radhi kwa usumbufu." Nta akaikunja karatasi. "Mzee, tusiitume."

"Itumwe."

"Mzee, wewe hata jino likipata ufa unapiga simu. Hujawahi kusema uongo."

"Nina miaka sabini na mmoja," Mzee akasema. "Kama sijausema mpaka leo, nilikuwa namwekea nani? Karani, tuma."

Ikatumwa. Jumamosi iliyofuata Nta alikwenda, si kufanya kazi, kukaa tu, akakuta mlango umefungwa. Akampigia Mzee kuuliza kama anaumwa. Mzee akasema haumwi. Akasema ameandika kwamba Jumamosi hazikuwepo, basi na zisiwepo. Hakufungua tena Jumamosi yoyote.

Alibadilika. Watu wengine wakisema uongo hulala usingizi mnono, lakini yeye ule mstari mmoja ulimla. Daktari mmoja alipiga simu kulalamikia meno yaliyokaa upande, na Mzee, badala ya kukiri, akasema, "Sikumbuki kazi hiyo." Karani na Nta wakatazamana. Hawakujua kama kweli hakumbuki au anajizoeza.

Jibu lilikuja Alhamisi. Nta hakuweza kuifungua, akampa simu Karani. Mzee alisimama mlangoni mwa chumba cha ndani, aproni imemjaa vumbi la plasta.

"Soma," akasema.

Karani akasafisha koo. Alisoma polepole, bila mbwembwe, kinyume na kawaida yake. Kwanza, kuhusu Jumamosi: maelezo ya barua ya mwanzo yalitolewa kwa hiari na kwa undani, na ofisi haina sababu ya kuyatilia shaka. Pili, kazi iliyoombwa ni ya ujuzi maalumu. Mwajiri mwenyewe sasa anathibitisha kwamba mwombaji hana jambo la pekee analolifanya, ni mfanyakazi wa kawaida. Kwa hiyo sifa za kazi hazijatimizwa. Tatu, mwajiri anayekiri kwamba kumbukumbu zake si za kutegemewa hawezi kuendelea kuwa mdhamini, na ruhusa yake ya udhamini imefutwa tangu leo. Uamuzi huu ni wa mwisho. Mwombaji ana siku ishirini na moja za kuondoka nchini.

Karani akaweka simu mezani, uso wa kioo chini.

"Sikuelewa," Mzee akasema. "Waliamini barua ipi? Ile ya kwanza au hii ya pili?"

Karani akamtazama Nta. Nta akainuka kwenye kiti cha wageni.

"Zote mbili, Mzee."

Mzee alisimama vilevile. Mkono wa kulia ulimtetemeka, na ilikuwa saa nane mchana, chai amekunywa vikombe vitatu. "Basi mimi ndiye niliyekufukuza," akasema. "Mara ya kwanza kwa ukweli, mara ya pili kwa uongo."

Nta alimshika mkono ule akaubana kwa mikono yake miwili mpaka ukatulia. Alitaka kumwambia si kweli, si wewe, Mzee wangu, usiseme hivyo. Neno lilifika mpaka kwenye ulimi. Lakini uongo wa mwezi ule ulikuwa umekwisha kuwatosha, akalirudisha, akaendelea kumshika mkono, na Karani akaenda kufunga mlango ili wateja wasiingie.